Bibi Arusi Hacheki, na Lawama Ni Zangu

Nani aliyewaambia watu wa Kazimia, hapa kwetu Fizi, kwamba foto ya arusi lazima iwe na hisia za kweli? Sina ugomvi naye. Nataka tu nimkabidhi apareyi, begi la betri na kile kiti cha plastiki ninachosimama juu yake, aje Jumamosi apige mwenyewe, nami nikae chini ya hema na fanta yangu mkononi, nilalamikie huduma kama wageni wengine.

Kazi hii nilivyoikuta ilikuwa na masharti ambayo mtu unayaelewa. Watu wote waingie. Asikatwe kichwa mtu, hasa mjomba aliyetoa mbuzi. Kitenge kionekane mpaka pindo la chini, na viatu vionekane, maana viatu vimevuka ziwa kutoka Kigoma na ushuru umelipwa. Gato ipigwe kabla ya kukatwa, wakati wa kukatwa na wakati wa kulishana. Kwisha. Uso wa mtu ulikuwa kati yake na Muumba wake. Nikisema "Tazameni hapa," wanatazama, nikibonyeza, wanapumua, jioni mweka hazina wa kamati ananilipa, ananung'unika, lakini ananilipa. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimenasa roho ya mtu.

Siku hizi agizo linakuja kwa ujumbe wa sauti, na linatoka Marekani. Ni yaya, dada mkubwa wa bibi arusi. Alivuka maji zamani kukimbia vita, akakaa kambi ya Nyarugusu kule Kasulu mpaka jina lake likatoka, akapanda ndege. Leo yuko kwenye mji wenye theluji, anafanya kazi za usiku, na nusu ya arusi hii ameilipa yeye. Ana haki ya kusema, na haki hiyo anaitumia yote. "Papa Foto," anasema, nyuma yake nasikia mashine ya kufulia inazunguka, "hatutaki tena zile foto za mguu sawa. Tunataka hisia. Za kweli. Mtu apigwe bila kujua kama anapigwa."

Bila kujua! Kazimia! Hapa ambapo mtu akishuka kwenye boti na begi geni, kabla hajalipa nauli sokoni wanajua kilichomo. Mimi nikitoa tu kifuniko cha lenzi, watoto wa mtaa mzima wanaimba "Foto! Foto!", wanajipanga mbele, vidole viwili juu, na mmoja siku zote amebeba mdogo wake asiye na suruali. Hata mbuzi wa hapa wanageuka kutazama. Huyo asiyejua kama anapigwa nitamtoa kijiji gani?

Mtindo wenyewe una wenyewe. Septemba 1996, kwenye kisiwa cha Cumberland, jimbo la Georgia, John Kennedy, mtoto wa yule rais aliyeuawa, alioa kwa siri. Mpiga foto wao, Denis Reggie, alimnasa akitoka kanisani gizani, ameuinua mkono wa mkewe Carolyn anaubusu. Hakuna aliyemwambia "Busu hapo, shikilia." Foto ikazunguka dunia, na kila aliyeiona akataka ya kwake. Nampa Reggie heshima yake. Kikanisa kile hakikuwa na umeme, kwa hiyo hapo tumelingana. Lakini wageni walikuwa kama 40. Arobaini! Arobaini kwetu ni wale waliosimama kati yangu na bwana arusi, kila mmoja ameinua simu, na mbele yao wote yuko mjomba mwenye tableti. Tableti ya mjomba ni pana, ina kifuniko kinachofunguka kwa upande, na mjomba mwenyewe hapigi foto: anajitazama, kwa sababu kamera imegeukia kwake na hajui kuirudisha. Bwana arusi angeweza kubusu mkono, mguu na mlango wa kanisa, nami nisingeona zaidi ya kisogo.

Hayo ya umati nayavumilia, ndiyo mkate wangu. Mgogoro wenyewe uko kwingine. Kwetu bibi arusi hacheki.

Si Fizi peke yake. Nenda Kinshasa, nenda Kasai: maarusi wa Kikongo wamenuna mpaka video zao zinazunguka nchi za watu, na wageni wanauliza kama msichana ametekwa. Hajatekwa. Amelelewa. Leo anatoka kwa baba yake, anaacha mama na wadogo zake, jikoni kwao patapungua mtu. Akionyesha meno, ukoo wake utauliza nyumbani kwao alikuwa anateseka nini hata aondoke kwa shangwe hivyo. Na ukoo anaokwenda utauliza haraka yote hiyo ni ya nini. Kwa hiyo tangu alfajiri, akisukwa na kupakwa mafuta, mashangazi wanampa zamu kwa zamu onyo lile lile: macho chini, midomo pamoja, usituaibishe. Bwana arusi naye anakaza uso, maana mwanamume anayechekacheka siku ya arusi anaonekana amepata bure. Na kwa mahari aliyotoa, kama kuna mtu Kazimia nzima anayejua kwamba hakupata bure, ni yeye.

Sasa nisimame mimi, katikati ya desturi ya mababu na mashine ya kufulia ya Marekani, nitoe hisia.

Juzijuzi tulishuka ufukweni kwa foto za wawili. Yaya alikuwepo kwa video, ndani ya simu iliyoshikwa na mdogo wao wa kiume, ambaye mkono ukichoka alimlaza yaya kifudifudi kwenye mchanga. Shangazi alikuwepo kwa mwili, amekalia kiti changu cha plastiki, mkoba mapajani.

"Mwambie acheke kidogo," simu ikasema.

"Asicheke," shangazi akasema. Hata simu hakuitazama.

"Tantini, ni kwa foto tu!"

"Foto ndiyo inayobaki. Mama mkwe wake atakaa nayo ukutani maisha yake yote. Kila mgeni akiingia atamwonyesha: tazama, huyu alikuja kwetu amekenua."

"Papa Foto, fanya kitu!"

Nikafanya kitu. Nikamsogelea bibi arusi, nikamwambia kwa sauti ya chini ya mtu mzima, "Mwanangu, usicheke. Mfikirie tu bwana wako." Akamfikiria. Uso ukazidi kukauka.

Nikamgeukia bwana arusi. Huyu alikuwa na suti ya kukodi na viatu vya kuazima, na kila wimbi lilipokuja alirudi hatua moja nyuma. Hisia aliyokuwa nayo ni moja tu, kuogopa maji, na ilikuwa ya kweli kabisa, nikaipiga. Ukiitazama foto ile unaona bibi arusi amesimama imara na bwana arusi anajaribu kurudi kwao.

Halafu kusi likavuma. Watu wa ziwani mnalijua la kiangazi, linavyokuja ghafla kutoka upande wa Kalemie. Likaichukua shela, likaipitisha juu ya kichwa cha mdogo wao, likaitupa kwenye nyavu zilizoanikwa. Bwana arusi akasahau maji, akasahau viatu, akaruka ndani mpaka magotini akidhani shela inakwenda majini, na haikuwa huko. Bibi arusi akaangua kicheko. Kile cha tumboni, cha mtu kushika mbavu. Nikainua apareyi. Na hapo ndipo shangazi, ambaye tangu asubuhi alikuwa anasema miguu inamuuma, aliruka kutoka kitini akanyoosha kitenge mbele ya lenzi kwa mikono yote miwili.

Ninayo foto safi kabisa ya kitenge cha shangazi. Ni cha bluu, kina ndege.

Usidhani sijajisomea. Mwaka 1862 daktari mmoja Mfaransa, Duchenne wa Boulogne, alitoa kitabu chenye foto za watu aliowagusisha umeme usoni, msuli mmoja mmoja, aone upi unafanya nini. Aliyemtumia zaidi ni mzee mmoja ambaye uso wake ulikuwa na ganzi, vinginevyo sijui kama mzee angerudi siku ya pili. Daktari akagundua kwamba midomo inadanganya kwa urahisi, lakini ule msuli unaozunguka jicho haupokei amri ya mtu: unangoja furaha yenyewe. Hata Darwin alizitia baadhi ya foto hizo katika kitabu chake cha 1872. Nikasema vizuri, elimu ipo, basi. Ila Kazimia umeme wa taa tunauomba juani na kwenye jenereta ya kukodi inayozimika kila kwaya ikishika wimbo mzuri. Huo wa kumchekesha bibi arusi nautoa wapi? Na shangazi nitamweka wapi nikiwa nafunga nyaya?

Wajapani nao wakajaribu. Mwaka 2007 Sony walitoa apareyi ambayo, ukiiamuru hivyo, haipigi mpaka mtu atabasamu. Inausoma uso yenyewe, ikiona meno inajibonyeza. Ilete kwenye arusi zetu uone. Itakaa kimya kuanzia kanisani mpaka betri iishe, na foto pekee itakayorudi nayo ni ya kijana wa protokoli aliyefanikiwa kupata sahani mbili.

Tena hao maarusi nikiwatetea, wamefundishwa na serikali pia. Watu wengi hapa foto yao ya heshima ni moja, ile ya karata ya kura, ambayo kwa miaka ndiyo iliyokuwa kitambulisho chetu. Walipotuandikisha kwa uchaguzi wa Desemba 2023, tulipiga foleni kwenye jua, ukifika mbele unaambiwa kaa wima, tazama mbele, usicheke. Ukitoka huko, foto kwako ni jambo la sheria. Ndiyo maana ukimwelekezea mzee wa hapa lenzi, hata kama alikuwa anacheza, anasimama, anafunga kifungo cha koti na kutaja tarehe ya kuzaliwa.

Ndoa ya serikali ndiyo kabisa. Mtu anashika bendera ya taifa mkono wa kushoto, wa kuume juu, mbele yake ofisa na mhuri. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inadai ridhaa ya wote wawili, inadai umri wa miaka 18, inataja mpaka mahari. Tabasamu haikudai. Sasa kama Bunge la nchi hii limekaa mara mbili na halikuona haja, yaya anaidai kwangu kwa kifungu gani?

"Basi kama kicheko hakipo, tupe machozi." Ndiyo anavyosema yaya akishindwa upande mmoja.

Machozi yapo. Mama mzazi analia kweli, wala halii kidogo. Lakini analia alfajiri, chumbani, mlango umefungwa, ameshika nguo ya binti ya utotoni, na mimi wakati huo niko njiani juu ya pikipiki, magoti yamejaa vumbi. Nikifika ameshanawa uso, amepaka poda, anagawa mchele kwa wapishi, na hana mpango wa kurudia. Ikabidi mwenyekiti wa kamati amfuate: "Mama, samahani, hebu lia tena kidogo, Marekani hawajaona." Mama wa watu akaweka beseni chini, akatazama juu, akatazama chini, akabana jicho moja, halafu akaniuliza, "Inatosha?"

Wapo wengine ambao ni mafundi. Kuna mama mmoja wa upande wa wakwe, sitasema wa arusi gani kwa sababu yuko kwenye zote. Chozi lake liko tayari muda wote. Lenzi ikimwelekea, linashuka, moja, taratibu, shavu la upande wenye mwanga. Nikishusha apareyi na yeye anashusha leso, anauliza kama nyama imeshaiva. Foto zake ni nzuri kuliko zote nilizonazo. Huko Marekani ndizo zinazopendwa. Walinitumia ujumbe: "Huyu mama anampenda sana mtoto wetu, ni nani?" Nikauliza ukoo mzima. Hakuna anayemjua.

Kwa nini nisiache kazi? Nimelifikiria. Na ningekuwa na mfano mzuri wa kufuata, kwa sababu mwambao huu wa Fizi umeshampokea mpiga foto mwenye jina kubwa kuliko langu. Tarehe 24 Aprili 1965 alivuka kutoka Kigoma na Wakuba wenzake, akashuka Kibamba, wakampa jina la vita la Kiswahili, Tatu. Dunia inamwita Che Guevara. Kinachosahaulika ni kwamba katikati ya miaka ya 1950, kule Mexico, kabla hajaingia kwenye mapinduzi, alikuwa anatafuta mkate kwa kuwapiga watu foto kwenye bustani za mji. Mtu anaweza kudhani aliiacha kazi ile kwa sababu ya itikadi. Mimi niliye ndani ya kazi najua: ni wateja. Mama mmoja alimwambia mtoto hajatoka vizuri, rudia, akaona afadhali bunduki. Na hapa kwetu alidumu miezi saba, akaondoka Novemba. Angekuja kwa arusi asingemaliza kiangazi.

Mwenye akili alikuwa Jean Depara, yule fundi aliyempiga Franco na wanamuziki wengine na vijana wa Kinshasa ya zamani. Apareyi yake ya kwanza, Adox ndogo, aliinunua mwaka 1950 kwa ajili ya arusi yake mwenyewe. Hapo umemaliza kesi zote. Mteja ni wewe, bwana arusi ni wewe, hisia ni zako. Zisipotoka, nani atakudai?

Sasa nisikilizeni, maana mtasema huyu Papa Foto anakataa kwamba hisia zipo. Zipo, tena tele, na mimi nimezipiga. Ila hazikai wanakoniambia nizitafute.

Ziko siku ya mahari, kwenye uso wa baba mzazi anapoambiwa kwamba mbuzi mmoja "bado yuko njiani." Yule mzee hakusema neno. Alitazama mbuzi waliopo, akatazama njia, akatazama wakwe mmoja baada ya mwingine, kisha akatabasamu kwa adabu, na ule msuli wa Duchenne haukutikisika hata chembe. Ningempelekea daktari foto ile angefurahi.

Ziko bandarini. Gato ya ghorofa inatoka mjini Baraka kwa boti, na gato ya ghorofa haielewani na kusi. Inapakatwa na kijana mmoja, kwenye boksi, safari nzima. Ninayo foto yake anashuka Kazimia: miguu imelowa, viwiko vimekauka, macho hayapepesi, midomo inaomba. Sijaona bibi arusi aliyeshikwa kwa upendo wa namna ile. Alipokabidhi boksi kwa mareni, yule msimamizi wa bibi arusi, alikaa chini kwenye mchanga, akalia. Alilia hasa, mabega yanatikisika. Hilo ndilo chozi la kweli la arusi ile, na lilikuwa la gato.

Ziko kwa mweka hazina saa ile protokoli anapomnong'oneza kwamba fanta zimekwisha na boti ya pili ya wageni imeshafunga gati. Hasa kipindi cha mbalamwezi, ambapo dagaa hawafuati taa, wavuvi wote wako nchi kavu, wamechanga, na kila aliyechanga amekuja na shemeji zake kula mchango wake.

Na ziko nyuma ya nyumba, usiku, jikoni. Nilikwenda huko kutafuta chakula changu, maana mpiga foto hukumbukwa sahani zikiwa zinaoshwa. Nikamkuta bibi arusi amekaa kwenye kigoda, viatu kavua, shela kaikunja mapajani ili isiguse mafuta, anakula bugali na mgebuka wa kukaanga kwa mkono. Hakuwa amekula tangu asubuhi. Bibi arusi hali mbele za watu, hiyo nayo ni desturi. Rafiki zake wamemzunguka, mmoja anaigiza bwana arusi anavyoyakimbia maji kisha anavyoyarukia. Bibi arusi kinywa kimejaa, anacheka mpaka anapaliwa, anapigwa mgongo, anacheka tena, mwiba wa samaki kaushika kidoleni. Moto unamulika upande mmoja wa uso. Macho yenyewe yamefumbwa kwa kicheko. Nikapiga. Hakujua.

Nikafurahi. Nikasema leo yaya atanyamaza. Nikapakia foto zote, nikatuma.

Jibu likaja kabla sijafika nyumbani. "Papa Foto, hii ya bugali futa haraka. Wenzangu wa kazini wataiona. Shela iko wapi? Na kidoleni ameshika nini?"

Asubuhi akaja baba mzazi. "Hii ya mbuzi uliipiga kwa nini? Unataka kuvunja ndoa ya watu ikiwa na siku moja?" Futa. Mweka hazina akaja: "Wataona nilivyotoa macho, watasema nimekula pesa." Futa. Kijana wa gato akaja, ana mchumba, hataki aonekane akilia. Futa. Mama mzazi aliitazama ile ya jikoni kwa muda mrefu kuliko wote, akatabasamu mwenyewe, kisha akakaza uso. "Nani mwingine ameiona?" Nikamwambia ni yeye tu na Marekani. "Futa."

Basi ndipo nikawaelewa wateja wangu. Wanapoomba hisia za kweli, wanaomba zilizonawa uso. Zikae upande wenye mwanga, zivae shela, ziwe zimekula kabla, zisiudhi ukoo wa mume wala wa mke, na zipite vizuri kwenye simu ya mtu wa theluji. Mama wa chozi moja ndiye wanayemtaka, na sidhani kama ni kosa lao. Hisia ikiwa ya kweli ina mwenyewe, na mwenyewe hataki itoke nje.

Isipokuwa bwana arusi. Yeye alikuja usiku, peke yake, amepita njia ya nyuma. Hakuuliza za kanisani wala za bendera. Aliomba ile ya jikoni. "Wananiambia ananicheka mimi," alisema. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi anaitaka hiyo hiyo, nimtolee kwenye karatasi nikienda Baraka, na asijue mtu, hasa shangazi. Ningesema mengi mazuri juu ya kijana huyu, lakini alinilipa kwa noti ya dola tano iliyochanika pembeni, na mpaka leo hakuna duka lililoipokea, Kazimia wala Baraka.

Kwa hiyo kiangazi hiki nimebandika masharti mlangoni. Foto ya mguu sawa: bei ya kawaida, viatu vimo. Hisia za kweli: nusu ya pesa kabla, na mteja alete karatasi ya shangazi yenye sahihi yake. Kicheko cha bibi arusi mbele ya wakwe: sichukui kazi hiyo, muulize Sony. Chozi la mama: la kwanza bure kama nikiliwahi, la kurudia linalipiwa, na mwenyekiti wa kamati anamliza mama yeye mwenyewe. Tableti ya mjomba: ikivuka mstari, albamu nzima itakuwa ya mjomba. Noti iliyochanika hapana.

Na kufuta ni mara mbili ya kupiga, maana anayefutiwa ananunua na mdomo wangu, na mdomo Kazimia ni ghali. Tangu nibandike karatasi ile hajaja hata mmoja wa kutaka hisia za kweli. Wa kufuta wamepanga foleni, na wengine arusi zao bado.